Usianze na helikopta: ushauri kwa anayetaka kurusha ndege za rimoti

Wanaoniuliza habari za ndege za rimoti karibu wote wanataka helikopta. Nawaelewa. Helikopta inasimama hewani palepale, haidai uwanja mrefu, na mtu huona ataweza kuirusha hata uani kwake. Jibu langu kwa vijana ninaowafundisha huku Arusha ni lilelile: anza na ndege ya mabawa inayokwenda taratibu, na kabla ya hiyo ndege anza na kompyuta. Helikopta ina zamu yake.

Sababu iko kwenye vidole. Ndege ikiwa inakwenda mbele na wewe umesimama nyuma yake, kulia kwako ndiko kulia kwake. Ikigeuka na kuja ulipo, mambo yanapinduka: unasukuma kijiti kulia, yenyewe inaelekea kushoto kwako. Kulijua hilo kwa maneno hakutoshi, maana ndege iliyo chini, inayokuja kwa kasi, haikupi nafasi ya kuwaza. Ndege nyingi za wanaoanza naziona zinaanguka hapo, wakati wa kurudi. Kupaa huwa si kazi kubwa.

Ipo njia ya kuvuka hicho kipindi kabla vidole havijazoea. Ndege ikija kwako na bawa moja likainama, peleka kijiti upande uleule unaoona bawa limeinama, kana kwamba unalisukuma lipande. Hivi karibuni nilikuwa nimesimama begani kwa kijana mmoja, ndege yake ikaanza kutujia imelala upande.

"Kaka, inanishinda!"

"Bawa gani liko chini?"

"La kushoto."

"Kijiti kushoto. Kidogo tu."

Bawa likanyanyuka, ndege ikanyooka, ikapita juu yetu. Aliporudia mzunguko ule hakuniuliza tena. Ndiyo maana nasisitiza mwanzoni uwe na mtu pembeni, hata kama si bingwa. Awe tu mtulivu na mwenye macho.

Sasa kompyuta. Programu za kuigiza urushaji zipo za kulipia, kama RealFlight, na zipo za bure, kama PicaSim. Rimoti nyingi za siku hizi, zikiwemo za RadioMaster, unazichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB na unajifunza kwa vijiti vilevile utakavyovishika uwanjani. Hilo ni muhimu kuliko ubora wa picha. Usijifunzie kwa kibodi, na usichague kuangalia kutoka ndani ya ndege. Chagua kusimama chini, kama utakavyosimama kweli. Dakika ishirini kila siku zina faida kuliko Jumapili nzima mara moja. Zunguka kushoto, zunguka kulia, chora namba nane angani, kisha tua, tena na tena, ukiwa umeweka upepo kidogo. Michezo ya kupinduka iache kwanza.

Kwa sababu hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye rimoti. Ndege utabadilisha, rimoti nzuri utakaa nayo miaka. Chukua ya masafa ya 2.4 GHz yenye chaneli, yaani njia za kupeleka amri, sita au zaidi. Midoli mingi ya bei rahisi ya miaka ya nyuma ilitumia 27 MHz, na wawili wakiwasha kwenye masafa yaleyale mmoja alikuwa akiingilia ndege ya mwenzake, lakini kwenye 2.4 GHz rimoti na kipokezi, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri, vinafungamana, na watu kadhaa wanarusha pamoja bila shida. Jambo lingine la kuamua mapema ni mpangilio wa vijiti. Kwenye Mode 2 kijiti cha kushoto kinaendesha nguvu ya mota na usukani wa mkia, cha kulia kinapandisha, kinashusha na kulaza ndege. Mode 1 inahamishia nguvu ya mota kulia. Fuata mpangilio wa mtu atakayekufundisha, ili mambo yakiharibika apokee rimoti na kuokoa ndege.

Ndege yenyewe iwe na bawa lililokaa juu ya kiwiliwili, ncha zake zikiwa zimepanda kidogo kwenda juu. Umbo hilo hujirudisha sawa lenyewe ukiachia vijiti. Urefu wa kama mita moja na kidogo toka ncha hadi ncha unafaa: ndogo zaidi inayumbishwa na kila upepo. Ukiweza, pata yenye propela nyuma ya bawa, maana pua ndiyo hugonga kwanza. Si lazima uagize. Flite Test wa Marekani wanatoa bure michoro ya ndege za kukata kwenye mbao nyepesi za povu, zile wanafunzi wa usanifu majengo wanazojengea mifano, na bunduki ya gundi ya moto inatosha kuunganisha. Angalizo: supaglu ya kawaida inayeyusha lile povu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni. Jaribu kwenye kipande kwanza.

Kabla haijapaa, pima kama uzito wake umekaa sawa. Weka vidole viwili chini ya bawa, kila upande kimoja, uinue ndege. Kwa ndege nyingi za kujifunzia vidole vinapaswa kuwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele, na pua ilale sawa au ishuke kidogo. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Usirushe ndege yenye mkia mzito kwa kujipa moyo kwamba utaizoea, haizoeleki.

Tuliojifunzia pwani na kuhamia bara tunalijua hili la hewa. Uwanja wa ndege wa Arusha pale Kisongo uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndege ileile iliyopaa vizuri Kigamboni huku inahitaji kasi zaidi ili ibebeke, inatua kwa kasi zaidi, na ukiitupa kwa mkono kivivu inazama. Itupe sawasawa, mota ikiwa kwenye nguvu kamili, pua ikiwa mbele na si juu, ukielekea upepo unakotoka. Halafu acha ichukue kasi kabla hujaivuta ipande.

Muda mzuri ni alfajiri hadi saa mbili asubuhi, au jioni jua linapopoa. Mchana wa kiangazi, kwenye mbuga za kuelekea Monduli, vumbi linanyanyuka na kuzunguka ghafla, na ndege nyepesi ikiingia humo huwezi kuimudu tena. Walioko pwani wanajua jinsi kusi inavyovuma. Msimu huo usisubiri jua lipande.

Kwenye betri sina masihara. Betri za LiPo, yaani za lithiamu polima, zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na ndizo zilizofanya mchezo huu uwezekane kwa mota za umeme, lakini zinawaka moto. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, isishuke chini ya volti 3, na ukiiweka kabatini iwe kama 3.8. Chaji kwa chaja yake inayosawazisha seli, juu ya sakafu au tofali, na wewe uwepo. Usiiache inachaji ukalala. Iliyovimba kama andazi haina mazoezi ya mwisho, ni ya kutupwa baada ya kuimaliza chaji taratibu mahali pa wazi. Anayekuletea kutoka Dubai aibebe kwenye begi la mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa, kwa sababu betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege.

Uwanjani, washa rimoti kwanza ndipo uunganishe betri ya ndege. Ukimaliza, toa betri kwanza ndipo uzime rimoti. Na kabla ya kurusha, hakikisha kwamba mawasiliano yakikatika mota inazima. Jaribu ndege ikiwa imeshikwa chini: zima rimoti, uone.

Na watoto watakuja. Huku kwetu ukitoa ndege kwenye boksi, ndani ya dakika chache una umati. Usiwafukuze. Wapange wote nyuma yako, chora mstari ardhini kwa mguu, mpe aliye mkubwa kazi ya kuulinda, na kamwe usipitishe ndege juu ya vichwa vyao.

Kuhusu sheria, Tanzania anayesimamia anga ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Kenya ni mwenzake KCAA, ambako kanuni za vyombo visivyo na rubani zilitolewa 2020. Nenda uulize kuhusu ukubwa wa chombo chako na eneo lako kabla ya kununua. Usiwashe chochote karibu na uwanja wa ndege, kambi ya jeshi wala ndani ya hifadhi.

Tuje kwenye helikopta. Ndege ya mabawa ukiachia vijiti kwa muda mfupi inaendelea na safari. Helikopta ya mapanga yanayobadilisha pembe haikuachii hata sekunde hiyo: vidole vyote vinafanya kazi muda wote, na kila unachogusa kinadai kingine kisahihishwe. Ukiongeza nguvu, kiwiliwili kinataka kuzunguka kinyume cha panga, ndipo panga la mkia na jairo, kifaa kinachohisi mzunguko, vinashikilia. Kwenye helikopta ndogo ya rimoti, ya ukubwa unaoitwa 450, ncha za panga zinapita kilomita 300 kwa saa. Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Simama mbali nayo, hatua kumi au zaidi, na uvae miwani.

Ukishatua ndege ya mabawa bila kushtuka, anza helikopta ukiwa nyuma ya mkia wake, ukiinyanyua hadi usawa wa kiuno, si chini sana ambako upepo wake wenyewe unarudi na kuiyumbisha. Ukitulia hapo, igeuze ubavu, kushoto na kulia. Mwisho kabisa ndiyo pua kukuelekea. Kila hatua ianzie kwenye kompyuta hata kama helikopta unayo mezani, kwa sababu anguko moja hupeleka mapanga, mhimili mkuu na gia ya mkia kwa pamoja, na vipuri vyake kwetu vinasubiriwa wiki kadhaa kutoka nje.