Mpwa wangu, unaniombea asilimia mia?

Umeuliza kwenye kundi la ukoo, mbele ya shangazi zako, kama ni kweli askari wa Marekani, kama nilivyokuwa mimi, akitoka jeshini na "ugonjwa wa mawazo" analipwa kila mwezi, na kama wewe ukipata grinikadi ujiunge upesi.

Hela ipo. Inalipwa na VA, idara ya serikali ya Marekani ya wanajeshi wa zamani, kwa asilimia ya ulemavu inayokupa. Kwa viwango vya 2025, asiye na mke wala mtoto mwenye asilimia 50 alikuwa anapata dola 1,102 hivi kwa mwezi, 70 ilikuwa 1,759, 100 ilikuwa 3,831, na haikatwi kodi. Uraia si sharti. Ukirudi kuishi Tanga, inakufuata.

Sasa sikia inavyopatikana. Uwe na ugonjwa uliothibitishwa, jambo lililokupata ukiwa jeshini, na maelezo ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Halafu VA wanapima ugonjwa umekuharibia maisha kiasi gani. Ngazi ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Kwa maradhi ya akili hakuna 20 wala 40. Ukiwa na sonona juu ya kiwewe cha vita, vyote vinapewa asilimia moja, hulipwi mara mbili. Mwenye 30 kazi anaiweza, ila kuna siku inamshinda. Mwenye 70, kazi na nyumba vyote vimeyumba, pengine anawaza kujiua. Mia ni yule asiyeweza tena kazi wala kukaa na watu. Sasa ukiniandikia "mjomba, si uombe mia", unaniombea nini hasa?

Mimi nina 50. Kuipata nilikaa na mtu nisiyemjua nikamweleza kwa nini naamka usiku kukagua milango, kwa nini mke aliondoka, kwa nini siendi harusi za Watanzania wenzangu hapa Texas. Bibi yako hajui hata moja, na akijua atatafuta mganga. Na wanaweza kukuita upimwe tena, wakashusha.

Wapo pia wanaouza mafunzo ya kujieleza mbele ya mpimaji. Kutoza ada kwa dai la kwanza sheria hairuhusu, na kudanganya ni jela. Vyama vya wanajeshi wa zamani, kama DAV na American Legion, husaidia bure.

Ukipata grinikadi, karibu. Tutaongelea kazi za malori, za hospitali, hata jeshi ukilitaka lenyewe. Ila habari za hela zangu nipigie simu, usiandike tena kwenye kundi.