Jibu: Kuski Berthoud Pass kesho baada ya theluji mpya

Kaka, umesema theluji mpya imeanguka sentimita 40 na kesho kukikucha mnataka kwenda kuski (kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni) Berthoud Pass, ile njia ya mlimani Colorado, maana jua litawaka, na mwenzenu mmoja hana transiva (kile kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji). Aisee subirini kwanza. Colorado shida mara nyingi sio hiyo mpya peke yake, ni ile ya mwanzo wa msimu iliyolala chini kabisa, ukichimba unaikuta chenga chenga kama sukari, haishikani, sasa ikibebeshwa mzigo na upepo nao umerundika theluji upande mmoja wa mlima basi mtu mmoja tu akipita bamba zima la theluji linakatika na kuporomoka naye.

Angalieni utabiri wa CAIC, kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko ya theluji, hatari wanaipanga 1 mpaka 5 (5 ndiyo mbaya zaidi), na hata 3 msiichukulie poa, wengi wanafia kwenye kiwango hicho hicho. Mkienda, bakini miteremko ya chini ya digrii 30 na msipite chini ya mteremko mkali. Mkisikia theluji chini yenu inaguna “wumf” au mkaona ufa unakimbia mbele ya ski, geukeni saa hiyo hiyo. Transiva, koleo na fimbo ya kupekulia mtu chini ya theluji kila mtu abebe zake, aliyefukiwa mna dakika kama 10 tu za kumtoa. Huyo mwenzenu asiye na transiva abaki nyumbani tafadhali.