Jipe ya umeme imefika na tairi za theluji: nivuke nazo msimu wa mvua?

SWALI: Jambo fundi. Nimenunua Volkswagen ID.4 iliyotumika Ubelgiji, ile ya betri kubwa, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Imefika Lubumbashi na janti za inchi 20 na tairi zenye alama ya mlima na theluji, meno bado milimita 6. Rafiki ananiambia meno yale ni mazuri kwa matope, nivuke nayo mvua zote. Muuza janti naye anataka nipande hadi 21. Naishi Kampemba, na mara mbili kwa wiki nakwenda Likasi. Nichague nini?

JIBU: Jambo Papa. Janti za 21 ziache, na tairi za theluji zitoe. Kwa barabara zako ningeshuka hadi janti za 19 na kuvalisha tairi za majira ya joto, zile Wazungu wanazovaa kuanzia mwezi wa nne, au za misimu yote, mradi ziwe na alama ya XL, yaani zimeimarishwa kubeba uzito zaidi. Makuta yakitosha kitu kimoja tu, baki na janti zako za 20 ubadilishe tairi peke yake. Gari linashikwa barabarani na mpira, janti inaubeba tu.

Tairi ya theluji imepikwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi kali. Kipimo kinachotumika Ulaya ni nyuzi 7 za joto: chini ya hapo tairi ya kawaida inakakamaa na hii inaendelea kushika, juu ya hapo mambo yanageuka. Lubumbashi, hata mwezi wa saba baridi ikiuma alfajiri, ikifika mchana lami imeshapata joto. Nenda kwenye gari lako saa nane mchana, usukume jino moja la tairi kwa kidole gumba. Utaliona linayumba, na ile mikato myembamba iliyochorwa juu yake inafunguka na kufunga kama kurasa za daftari. Kwenye barafu mikato hiyo ndiyo inayouma. Kwenye lami ya moto, ukikanyaga breki, jino linalala kwanza ndipo lishike, na gari linakwenda mbele zaidi kabla ya kusimama. Ni hivyo kwenye lami kavu, na ni hivyo pia kwenye maji ya mvua yetu ya uvuguvugu. Ongeza uzito: ID.4 yako inapita tani 2, na betri peke yake ni karibu kilo 500. Mota ya umeme nayo inatoa nguvu yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, haingoji kama injini ya mafuta. Mpira laini chini ya mzigo huo unasagika upesi, na tairi za nyuma ndizo zitakazoisha kwanza.

Kuhusu matope, rafiki yako amedanganywa na macho. Theluji ikijaa kwenye meno inasaidia, kwa sababu theluji hushikana na theluji, na tairi ile imetengenezwa iibebe makusudi. Udongo wetu mwekundu haufanyi hivyo. Unaziba mikato, unajaza nafasi kati ya meno, na baada ya mita chache tairi imekuwa laini kama chupa. Kwa vipande vya udongo vya mtaani, kinachokusaidia ni mguu mwepesi na mwendo wa Eco, ule wa kubana umeme, nguvu isije ghafla ukazungusha magurudumu ya nyuma hapo hapo. Na ukiona tairi imeandikwa M+S (matope na theluji) bila mlima na theluji, jua hayo ni maneno ya kiwanda tu, hakuna jaribio lililothibitisha. Ujerumani wameacha kuikubali hiyo kama tairi ya baridi tangu mwezi wa kumi 2024.

Sasa janti. ID.4 inavaa namba tofauti mbele na nyuma, na kwa nje magurudumu yote yanabaki karibu ukubwa mmoja, milimita 740 hivi. Kwa hiyo janti ikikua, kinacholiwa ni ukuta wa tairi. Kwa 20 mbele ni 235/50, yaani upana wa milimita 235 na ukuta ambao ni asilimia 50 ya upana huo, milimita 117. Kwa 19 ni 235/55, milimita 129. Ukipanda 21 utabaki na 106. Fikiria shimo lililojaa maji kwenye njia ya Likasi, hulioni mpaka umeingia. Ukingo wa lami unaikandamiza tairi mpaka unakutana na mdomo wa janti, na nyuzi za ndani ya ukuta zinakatika. Siku hiyo unaweza usione kitu. Kesho yake unakuta uvimbe kama yai ubavuni, na uvimbe huo hauna dawa, tairi ni ya kutupa. Milimita 12 za ziada zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ni mpira na upepo unaokaa kati ya janti na jiwe.

Kwa nini basi tusishuke hadi 18? ID.4 za betri ndogo zilitoka kiwandani na 18, na ukuta wake wa milimita 141 mbele (235/60) ungekufaa sana. Lakini breki za toleo lako zinaweza kuwa kubwa zaidi. Ukizipata janti hizo za 18, funga janti tupu bila tairi, mbele na nyuma, uzungushe kwa mkono na utazame nafasi kati ya janti na breki. Ikikaribia kugusa, irudishe. Kwa 19 hatari hiyo ni ndogo, na 235/55 R19 ya mbele inavaliwa na magari mengi, kwa hiyo hata hapa mjini ni rahisi kuitafuta. Ya nyuma ni 255/50 R19. Tafuta janti za asili za ID.4, mbili za mbele na mbili za nyuma.

Ukilazimika kuchukua janti za kiwanda kingine, pima haya: matundu 5 kwenye duara la milimita 112, tundu la katikati milimita 57.1, na uzito unaobebwa na janti, ambao huchorwa upande wa ndani kwa kilo. Kisha geuza bolti uangalie kichwa. Bolti za asili za Volkswagen zina kalio la mviringo kama nusu ya mpira. Janti nyingi za nje zinataka kalio la koni. Ukichanganya, bolti inagusa sehemu ndogo tu, unaona imekaza, na baada ya siku chache imelegea. Kosa hili moja linaweza kung'oa gurudumu njiani.

Kwenye tairi yenyewe, usishuke chini ya namba ya uzito iliyokuja na gari. 104 maana yake kilo 900 kwa tairi moja, 105 ni kilo 925. Kuna watakaokupa 97, kilo 730, kwa bei nzuri. Gari litatembea, lakini familia ikipanda na mizigo ikiingia nyuma, tairi itafika mwisho wa nguvu zake kwenye shimo la kwanza. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi mpya ya dukani iliyokaa miaka mitano si mpya. Kama ina lebo ya Ulaya, angalia alama ya wingu la mvua na uchukue A au B.

Upepo uupime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba zilizobandikwa kwenye gari kwa ajili ya ukubwa wa tairi zako. Ukimwambia kwado, fundi wa tairi, ajaze kama kawaida, huenda akakupa bar 2.2. Tairi ya XL inafikia uzito wake kamili kwenye 2.9, hivyo kwa 2.2 inapinda, inapata moto na inakula umeme wako. Na ikiwa ya moto usiipunguze, maana nyuzi 10 za joto zinapandisha upepo karibu bar 0.1.

Huyo kwado umsimamie unapobadilisha. Kriki ikae kwenye sehemu zake nne za pembeni tu, na kibao cha mpira juu yake, kwa sababu tumbo lote la gari ni betri. Kama valvu ni ya chuma, mwambie huenda ndani kuna kipimo cha upepo, asiingize chuma chake upande huo. Bolti zikazwe kwa mpangilio wa nyota, na mwisho kwa ufunguo wa kipimo, Nm 140, zirudiwe baada ya kilomita 50, kabla ya safari ya kwanza ya Likasi. Tairi nyingi za magari ya umeme zina sponji ndani ya kupunguza kelele, au utomvu unaoziba tundu la msumari. Pahali pa kubandika kiraka lazima pasafishwe mpaka mpira uonekane, la sivyo kiraka kitabanduka.

Kama huwezi kununua leo, zitumie hizo za theluji kwa muda, lakini usipite 80 kwa saa kwenye njia ya Likasi, mwache wa mbele yako mbali mara mbili ya ulivyozoea, na pima meno ya nyuma kila mwezi. Zikifika milimita 3, zitoe hata kama ni katikati ya mvua. Mbele na nyuma hazibadilishani, kwa kuwa upana wake si mmoja.