Re: Wish You Were Here, niruke wimbo wa kwanza?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuuruka wimbo wa kwanza wa Wish You Were Here, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza Pink Floyd, kwa kuwa ni mrefu mno. Tafadhali usiuruke! Zima taa, vaa hedifoni, tulia. Kinanda kinatanda taratibu kama ukungu, halafu gitaa la David Gilmour linadondosha noti nne tu. Nne! Mwili hunisisimka kila mara. Katika wimbo huu Pink Floyd wanamlilia Syd Barrett, mwanzilishi mwenzao aliyeachana na bendi 1968 akili ikiwa imemlemea. Juni 1975, wakiirekodi albamu hii studio za Abbey Road, London, Barrett akaingia kanenepa, kanyoa mpaka nyusi, na wenzake hawakumtambua. Ukishajua hilo, zile noti nne utazisikia vingine kabisa.