Gia ya pili ikiteleza, usifungue habu

Ndugu yangu wa Kisumu, umesema baiskeli ya babu yako, yenye habu (kile kitovu cha gurudumu la nyuma chenye gia ndani) ya Sturmey-Archer AW ya gia tatu, ukiiweka gia ya pili pedali zinazunguka bure, na fundi wa Kibuye anataka kuifungua habu hiyo. Mwambie asubiri kidogo.

Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali habu haishiki chochote. Waya wa gia ukilegea, gia inaangukia hapo. Weka ya pili, kisha chungulia kwenye kitundu cha nati ndefu upande wa mnyororo. Pale kamnyororo kembamba kanapoungana na kijiti chake, paingie sawa kabisa na ncha ya ekseli. Pakiwa pamezama ndani, kaza kirekebishi cha waya kidogokidogo, halafu ujaribu gia zote tatu.

Bado inateleza? Basi huenda ndani kuna oili iliyoganda. Mimina mafuta ya taa kwenye kitundu cha oili, zungusha gurudumu, ulaze baiskeli yachuruzike, kisha tia kijiko cha chai cha oili nyepesi ya injini. Mafuta ya kupikia hapana, tafadhali! Yanaganda kama gundi.

Halafu pangusa habu utazame namba zilizogongwa: kwa mfano, 56 maana yake ilitengenezwa mwaka 1956. Hiyo ni mali, usiiuze kwa vyuma chakavu.