Kuijua spidi ya mota bila kufunga kitu kwenye shafti

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umeuliza utajuaje mota ya pampu inazunguka mara ngapi kwa dakika, na shafti yote imefunikwa, hakuna pa kufunga sensa.

Mimi yalinikuta hayo Konde, Pemba, kwenye pampu ya kumwagilia mboga, mota ya fezi tatu. Maji yalikuwa yakitoka kinyonge, na mzee mwenye shamba kishakata shauri: "Mwanangu, mota imechoka, haizunguki kama zamani." Alikuwa tayari kutoa pesa isukwe upya.

Kibati chake kilisema mizunguko 1430 kwa dakika, hezi 50 (mawimbi ya umeme kwa sekunde). Hiyo ni poli nne (ncha nne za sumaku): sumaku ya ndani huzunguka 1500, rota, yaani kile kiini kinachozunguka na shafti, hubaki nyuma kidogo. Kule kubaki nyuma ndiko tunakokutafuta, na kunapimika kwa nje. Nilichukua koili ya kontakta (swichi ya kuwashia mota) mbovu, koili yenyewe nzima, nikaiunga na mita ya mshale kwenye skeli ya chini kabisa, nikaishikilia katikati ya kifuniko cha feni. Mita ya dijitali iache nyumbani. Sumaku inayovuja kwenye ncha ya shafti hupanda na kushuka kwa kadiri rota inavyochelewa, na mshale hucheza nayo. Zile hezi 50 zenyewe zina kasi mno, mshale hauziwahi.

Utamu uko kwenye hesabu. Kwa poli nne, idadi ya mapigo (mshale kupanda na kushuka ni pigo moja) katika sekunde 30 ndiyo mizunguko inayopungua kwenye 1500. Kwa poli mbili hesabu dakika nzima, utoe kwenye 3000. Niliurekodi mshale kwa simu nikahesabu nimekaa: 31. Yaani 1469!

Sikuamini. Nikapima sauti kwa programu ya simu: feni ina mapanga matano, na mlio ulikuwa karibu na hezi 122. Ugawe kwa tano, uzidishe kwa 60, unarudi palepale. (Mlio wa 100 usikushughulishe, huo ni wa umeme.)

Mota inayokwenda mbio kuliko kibati chake haijachoka, haina mzigo. Maji hayaifikii pampu. Tukaivuta vali ya chini kisimani, imejaa mchanga. Baada ya kuisafisha nilihesabu mapigo 64, na bomba likajaa.

Ukiwa kwenye jenereta, pima hezi kwanza. Zikiwa 48, kwa poli nne unatoa kwenye 1440, si 1500.