Jibu: Je, maji huzuia risasi kweli?

Assalamu alaykum, kaka. Umeuliza kama lile jaribio la MythBusters (kipindi cha televisheni cha Marekani kinachopima uvumi kwa majaribio) la mwaka 2005, ambapo risasi za bunduki kubwa zilivunjikavunjika majini, ni la kuaminika, ilhali filamu hutuonyesha risasi zikimfuata mpigambizi hadi chini.

Sijawahi kufyatua bunduki, kwa hiyo nitajibu kama mtu aliyekulia gatini hapa Lamu. Kwanza tazama kasi ya risasi, wala si ukubwa wa bunduki. Kijana aliyeruka kutoka gatini akaangukia tumbo anajua kwamba kadiri anavyotoka juu zaidi ndivyo maji yanavyomchapa kama sakafu (mimi nimechapwa vya kutosha), nayo maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa. Ndiyo maana risasi zilizopita kasi ya sauti zilisambaratika kabla ya sentimita 90, na zile za polepole, kama za bastola, zikahitaji hadi mita 2.4 ili kupoteza makali. Hilo naliamini, maana hata Wasovieti, walipotaka bunduki ya wapigambizi, walilazimika kuunda APS, ambayo risasi zake ni kama misumari ya milimita 120.

Ninalolitilia shaka ni upana wa hitimisho. Walifyatua mara chache, katika bwawa lililotulia, na jeli iliyowakilisha mwili haina mifupa. Pia risasi inayoingia kimshazari hupita maji mengi kuliko kina chenyewe.

Tutajie aina ya bunduki uliyoiona kwenye filamu hiyo, tuikadirie pamoja.